Picha ya Thelathini na Sita ya Mama Tellervo Rautapuro

Mchungaji, ndugu wa ukoo wa Rautapuro na wa ukoo wa Hokkanen, majirani, wanachama wa Chama cha Kamera, na nyote mliofunga safari katika mvua hii ya Oktoba, kamera mnayoiona juu ya jeneza, kati ya maua meupe na yale ya zambarau, haikusahauliwa pale na mtu, imewekwa kwa amri. Marehemu ameacha karatasi yenye maagizo matatu, aliyoiandika kwa mkono wake tarehe 2 Septemba mwaka huu wa 2018, la kwanza kwamba simu zote zikae mifukoni, la pili kwamba katika msiba wake ipigwe picha moja tu, kwa filamu, ukoo mzima ukiwa umelizunguka jeneza mbele ya kanisa kama walivyofanya wazee wetu, na la tatu kwamba mpigaji awe shemeji yake Reijo Rautapuro, na si mtu mwingine. Ndani ya kamera mna mkanda wa picha thelathini na sita, thelathini na tano amezimaliza mwenyewe, imebaki moja.

Reijo, yule pale safu ya tatu, alipelekewa karatasi hiyo Jumatatu iliyopita, na mpaka tunaingia humu kanisani hajasema ndiyo wala hapana, amesema tu kwamba hajashika kamera ya filamu miaka kumi na sita sasa, na kwamba "huyu mama anataka kuniaibisha hata akiwa ndani ya sanduku." Familia imemtuma Marketta, binti wa marehemu, ndiye huyu anayewasomea, asome historia yote bila kupunguza, halafu tutoke nje, na huko nje tutaona.

Marehemu Tellervo Annikki, kwao akiitwa Hokkanen, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Februari 1947 huko Haukivuori, mtoto wa tatu kati ya watano wa mkulima Eemeli Hokkanen na mkewe Hilja, na alizaliwa ndani ya sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, kwa sababu katika nyumba ile ya baridi hapakuwa na chumba kingine chenye joto, maji ya moto na mbao zilizosuguliwa zikatakata. Watu wa rika lake wengi walizaliwa hivyo na hawakulitia maanani, lakini yeye alilikumbusha kila alipoambiwa kwamba sauna si mahali pa kufanyia kazi, akasema, "Kama palitosha kunitoa mimi, patatosha kutoa picha."

Alianza shule ya msingi ya kijiji tarehe 1 Septemba 1954, akiteleza kwa mbao za ski kilomita nne wakati wa theluji, na alimaliza mwaka 1962 akiwa na alama nzuri za hesabu na alama mbaya ya tabia. Mwezi Mei 1958 mwalimu wao alileta kamera ya sanduku kuwapiga picha ya darasa, akawaambia watulie, Tellervo akageuka kumfinya mwenzake, na picha ilipotoka watoto ishirini na wawili walikuwa na nyuso na mmoja alikuwa na ukungu juu ya shingo. Alilia akaomba irudiwe, mwalimu akamjibu kwamba filamu imekwisha na kwamba wakati ule alitakiwa kutulia, basi. Picha hiyo aliitunza miaka sitini, ilining'inia jikoni kwake juu ya birika la kahawa, na hakuna mjukuu ambaye hakuonyeshwa yule msichana asiye na uso akaambiwa, "Huyu ni bibi yako, alidhani kuna picha ya pili."

Kuanzia Agosti 1965 hadi Juni 1966 alisomea kazi ya eksirei mjini Mikkeli, na tarehe 1 Septemba 1966 aliajiriwa katika hospitali ya mkoa kusafisha filamu za eksirei, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi katika chumba chenye taa nyekundu, akitoa gizani mbavu, magoti na mapafu ya watu wa wilaya nzima, hata ikasemwa kwamba Tellervo hakukumbuka sura ya mtu ila nyonga yake. Mwaka 1968 alinunua kwa fundi saa mmoja kamera iliyokwisha tumika, ndiyo hii iliyoko juu ya jeneza, na hakununua nyingine tena maishani mwake.

Alifunga ndoa na Voitto Rautapuro, fundi wa vichwa vya treni, Jumamosi tarehe 21 Juni 1969, sikukuu ya katikati ya kiangazi, katika kanisa la Haukivuori, wakahamia Pieksämäki, na mwaka 1972 Voitto alijenga kwa mikono yake nyumba ya mbao yenye sauna ya umeme, bila kujua kwamba anajenga chumba cha giza. Ikawekwa sheria ya nyumba, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya mlango na bado ipo, kwamba Jumamosi sauna ni ya kuoga, na siku sita zilizobaki ni ya Tellervo, sinia za dawa zikikaa benchi la chini, mashine ya kuchapia benchi la kati, na filamu zikining'inia kukauka juu ya benchi la juu, ambako hakuna vumbi.

Mwanafunzi wake wa kwanza katika chumba hicho alikuwa mdogo wa mumewe, Reijo, fundi wa simu, kijana wa miaka ishirini na miwili. Siku alipoona picha yake ya kwanza ikijitokeza polepole ndani ya dawa, sura ya kaka yake ikianza na kofia, halafu nyusi, halafu pua, alipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna aliyeungua. Tangu hapo shemeji hawa wawili wakawa chanda na pete, wakitaniana kutwa, mmoja akimwita mwenzake mvunja mwanga na mwenzake akimwita mama dawa, na kwa miaka thelathini hapakuwa na harusi, kipaimara wala barafu iliyoyeyuka ziwani ambayo hawakuipiga wote wawili, kila mmoja kutoka upande wake.

Bwana aliwajalia Tellervo na Voitto watoto wawili, Marketta aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1973 na Ilpo aliyezaliwa tarehe 19 Aprili 1977, watoto waliolelewa kujua kwamba mlango wa sauna haufunguliwi mpaka mama ajibu. Mwaka 1975 marehemu alijiunga na Chama cha Kamera, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na mkutano wa kwanza mwenyekiti wa wakati ule alipomwonyesha palipo na birika, alimjibu, "Kahawa pikeni wenyewe, mimi nimeleta picha."

Mwaka 2002 Reijo alinunua kamera ya dijitali, na mwaka uliofuata hospitali nayo ikaachana na filamu, marehemu akazima kwa mkono wake mashine ya mwisho ya kusafishia, akafanya kazi mbele ya kompyuta mpaka alipostaafu tarehe 28 Februari 2007. Hili tunalitamka waziwazi kwa ajili ya wale waliozoea kusema kwamba mama huyu aliogopa mambo mapya, kwamba alizitumia mashine hizo miaka minne, akazisifu, akasema hospitalini zije upesi na zisiondoke. Reijo alipomuuliza basi kinachomzuia nini nyumbani, alimwambia, "Mgonjwa ana haki ya kutosubiri, shemeji, lakini mimi siumwi, napiga ndege na mitumbwi, haraka yangu ya nini?"

Wala hatutasema kwamba filamu haikumwangusha, maana humu ndani wapo wanaokumbuka sherehe ya miaka sitini ya Voitto, alipopiga picha kutwa nzima, akapanga watu, akawafokea watoto, na jioni akagundua kwamba ulimi wa filamu haukushika meno ya kamera, mkanda haukusogea hata kidogo, hakuna kitu. Hakutafuta wa kumlaumu, alisema, "Leo mmekula keki bila shahidi," akaenda kuosha vyombo. Hatua za kwanza za mjukuu wake Venla nazo zilimpita akiwa bado anapima mwanga, na Reijo akazipata zote kumi na moja.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kila mtu hapa anasubiri kuona kama tutalipita kimya, na hatutalipita. Ilpo alioa Jumamosi tarehe 6 Agosti 2005, marehemu akapiga mikanda minne, Reijo akapiga kwa dijitali, na alfajiri ya Jumapili Tellervo akasafisha mikanda yote minne, akaitundika juu ya benchi la juu ikauke, akaenda kulala. Reijo, aliyelala pale kwa vile ni nyumbani kwa kaka yake, aliamka akafikiri kwa wema kabisa kwamba wageni wa harusi wanastahili kuoga tena kabla ya safari, na kwa kuwa swichi ya jiko la sauna iko nje ya mlango, aliizungusha hadi digrii tisini bila kuchungulia ndani, akaenda kukata vitawi vya mti vya kujichapia mwilini wakati wa kuoga. Baada ya saa nzima Voitto alifungua mlango akakutana na harufu, na mikanda minne imejikunja kama maganda ya viazi.

Tellervo alitoka na nguo ya kulalia, akatazama, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, umenipikia harusi ya mwanangu," na lau Reijo angenyamaza au angeomba radhi, historia hii ingekuwa fupi, lakini alitaka kufariji, akasema, "Usijali, mama dawa, mimi ninazo mia tisa na arobaini." Akajibiwa, "Mia tisa na arobaini, na hata moja hujaitazama." Maji yakishamwagika hayazoleki, na lililomwagika asubuhi ile halikuwa harusi, lilikuwa lile "usijali." Marehemu alikataa katakata kuweka picha hata moja ya Reijo katika albamu, badala yake akaikunjua ile mikanda iliyoungua, akaibana kati ya vioo viwili, akachapa alichoweza, bwana harusi akiwa na bega moja kubwa kuliko jingine, shela ya bibi harusi ikipanda angani kama moshi, akazitundika sebuleni zote saba. Ilpo na mkewe walipewa nafasi ya kuchagua mara nyingi, na leo walicho nacho ukutani kwao ni hizo saba, za Reijo ziko kwenye kompyuta ambayo hawana hakika ni ipi.

Tarehe 10 Machi 2009 Chama cha Kamera kilipiga kura kwamba picha za mashindano ziletwe kwa dijitali tu na chumba cha giza cha chama kigeuzwe stoo, kura zikawa kumi na moja kwa kumi na moja, na kwa kuwa mwenyekiti ndiye mwamuzi, na mwenyekiti alikuwa Reijo, chumba kikafungwa. Kuna waliosema kwamba sasa Tellervo atatulia nyumbani afume soksi, nao hawakumjua, maana Jumanne iliyofuata alikuja na picha tatu ndani ya kopo la mkate, akazisimamisha kwenye ukingo wa dirisha, nje ya mashindano, nje ya orodha, akaketi akanywa kahawa yake. Alifanya hivyo kila mkutano kwa miaka tisa, hakuomba kura, hakuomba sikio la mtu, na wanachama mnajua wenyewe, wakati wa mapumziko, mlikuwa mmesimama wapi. Mlimwita mkaidi, na ni kweli alikuwa mkaidi, tena ukaidi ule haukuwa aibu ya ukoo wetu, ulikuwa mali yake, na hatuombi radhi kwa niaba yake leo.

Mumewe Voitto aliaga dunia tarehe 3 Mei 2014, na hapo filamu ilimwangusha mara ya mwisho, kwa sababu mwaka ule wote wa ugonjwa hakuwa na moyo wa kumpiga picha mumewe akipungua, na picha nzuri ya mwisho ya Voitto, akiwa ndani ya mtumbwi na samaki mikononi, akicheka hadi macho yamepotea, ilikuwa ya Reijo. Familia iliiomba itumike msibani, marehemu akakubali, lakini baada ya mazishi aliichukua ile karatasi iliyotoka kwenye mashine ya dukani, akaiegemeza mahali penye mwanga wa dirisha, akaipiga picha kwa filamu, akaisafisha saunani, akaichapa upya kwa mkono wake, akaitundika juu ya kitanda chake. Reijo alipoiona alisimama mlangoni mwa chumba akasema, "Sasa umeniibia hata kaka yangu," na mama yetu, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu shule ya msingi, siku ile hakujibu. Kimya kingi kina mshindo, tuliungoja mshindo huo miaka minne, wawili hawa wakihudhuria mikutano ileile, mmoja mwisho huu wa meza na mwingine mwisho ule, wakipitishiana sukari kupitia watu.

Mwezi Juni mwaka huu marehemu alianza kupungua uzito, na tarehe 17 Julai daktari kijana alimgeuzia kompyuta akamwonyesha kivuli katika kongosho lake, naye akavaa miwani, akauliza filamu yake iko wapi, akaambiwa hakuna filamu tena, akasema, "Basi ugonjwa huo hauna ushahidi." Halafu alimkamata daktari mkono, akamwambia picha ni safi sana na mpigaji apewe pongezi, akauliza amebakiwa na muda gani, akaambiwa labda hadi theluji. Alikataa dawa za kurefusha maisha, akaweka mkanda mpya kwenye kamera, akaanza kuutumia polepole, jirani akianika nguo, Venla juu ya baiskeli, mlango wa sauna, gati, mpaka tarehe 1 Oktoba kihesabu kiliposoma thelathini na tano, akasema, "Hapo hapo, asiguse mtu." Alifariki Jumanne tarehe 9 Oktoba 2018, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, miezi saba na siku ishirini na tano, na ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na shemeji mmoja.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliokuja nyumbani hadi siku ya mwisho na kukubali kupigwa picha wakiwa wametulia, jirani Bi Lempi Asikainen aliyeleta supu ya samaki kila siku na kurudi na sufuria yake kila siku, wafanyakazi wenzake wa zamani wa chumba cha eksirei ambao tunawaona wameketi pamoja kama zamani, na wanachama wa Chama cha Kamera, hata wale kumi na moja.

Shukrani ya mwisho haimo katika karatasi niliyopewa, na hapa naomba niseme mimi Marketta kwa kinywa changu. Juzi Alhamisi tuliishusha picha ya baba ili tuilaze jenezani pamoja na mama, kama alivyotaka, tukaitoa kwenye fremu, na nyuma yake kuna maandishi ya mama ya mwezi Mei 2014, ninayo hapa mkononi, yanasema hivi: "Imepigwa na Reijo. Mimi nimechapa tu. Ni nzuri kuliko zangu zote. Asiambiwe." Mama, uliandika asiambiwe, ukapiga mstari chini yake mara mbili, lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, ukaidi wako nimeurithi, na nimemwambia, mbele ya mchungaji na mbele ya watu wote.

Baba mdogo Reijo, najua umeshika kitambaa na huoni vizuri, lakini kamera hii haitaki uone vizuri, inataka utulie. Mama hakuandika vipimo vyovyote vya mwanga, aliandika, "Apime mwenyewe, nilimfundisha." Ukishapiga, utaisafisha wewe, saunani, siku ambayo si Jumamosi, na utangoja kuiona kama sisi sote tutakavyongoja. Ndugu, nje pamejaa matope, wazee watangulie, watoto wakae mbele, na atakayegeuka kumfinya mwenzake atabaki bila uso milele, hakuna picha ya pili.

Mama Tellervo, utapumzika kwa amani, ila bado dakika chache, kwanza tulia, anakuja kukupiga.